Karaoke ya uani: spika ikae wapi, nani aimbe, na wageni wasikilize vipi

"Mimi ni mwalimu, naishi Ujiji. Mume wangu atatimiza miaka 40 mwishoni mwa mwezi ujao, na nimepanga kumfanyia sherehe ya karaoke uani kwetu. Tutakuwa watu kama thelathini: ndugu, majirani, wenzake wa kazini na mama mkwe wangu. Mwaka jana jirani yetu alijaribu sherehe kama hiyo ikamshinda. Spika ilipiga mluzi jioni nzima, watu walikaa wakisukumana 'nenda wewe, nenda wewe', na shemeji yangu mmoja alishika maiki akaimba nyimbo sita mfululizo. Mume wangu anapendekeza tuweke mashindano yenye zawadi ili watu wachangamke. Mimi mwenyewe sijui kuimba kabisa. Je, nikodi vyombo vikubwa zaidi? Mashindano yatasaidia? Na je, mwenyeji analazimika kuimba wa kwanza?"

Dada yangu, nianze na majibu mafupi: usikodi vyombo vikubwa zaidi, usiweke mashindano, na hulazimiki kuimba wa kwanza. Nikiisoma barua yako kwa makini naona kwamba nyuma ya maswali hayo matatu kuna hofu moja, nayo ni kwamba mtu atasimama mbele za watu nyumbani kwako, aaibike, na aibu yake ikurudie wewe mwenyeji. Hofu hiyo ina msingi. Katika miaka ambayo nimekuwa nikifunga vyombo vya muziki na kusherehesha hapa Kigoma, kuanzia Mwandiga hadi Bangwe, nimeona karaoke nyingi zikidoda, lakini sikumbuki hata moja iliyododeshwa na sauti mbaya ya mwimbaji. Kilichowashinda watu kilikuwa kimepangwa vibaya kabla mgeni wa kwanza hajafika, na karibu chote kilikuwa ndani ya uwezo wa mwenyeji.

Tuanze na mluzi, maana ndio uliowatisha watu kwa jirani yako kabla hawajafungua kinywa. Maiki husikia kila kilicho mbele yake, ikiwemo spika. Sauti ikitoka kwenye spika na kuingia tena kwenye maiki, hukuzwa, hutoka ikiwa kubwa zaidi, huingia tena, na mzunguko huo hujirudia upesi mno mpaka mlio mmoja, ule ambao vyombo na mahali penyewe vinaubeba kwa urahisi kuliko mingine, unaizidi yote na kuwa yowe. Kwa hiyo ukikodi spika kubwa zaidi ukaiweka palepale, utapata mluzi mkubwa zaidi. Tiba yake haina gharama: spika zikae mbele ya mwimbaji zikiwatazama wageni, na mwimbaji asimame nyuma ya mstari wa spika, umbali ambao hata akinyoosha mkono maiki haifiki mbele ya mstari huo. Kama nyuma ya wageni kuna ukuta wa matofali, zipindue spika kidogo zisiutazame moja kwa moja, kwa sababu ukuta mgumu huirudisha sauti kama unavyorudisha mpira. Tena maiki ishikwe mpini. Vijana wetu wamejifunza kwenye video kukifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja wakidhani huo ndio ustadi, kumbe wanaziba matundu yanayoisaidia maiki kuzikataa sauti zinazotoka nyuma, na mluzi huanza hapohapo.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Zamani kidogo, katika sherehe moja ya kuzaliwa kule Mwanga, nilikuwa na waya wa spika wa mita tano tu, na soketi ilikuwa ukutani nyuma ya mahali nilipomsimamisha mwimbaji. Nikaona isiwe tabu, nikaiacha spika palepale mgongoni mwake. Binti aliyekuwa anafanyiwa sherehe alianza ubeti wa kwanza, mluzi ukapasua, bibi yake akaziba masikio kwa ncha za khanga, na yule binti akaiweka maiki juu ya meza taratibu kama mtu anayeweka yai. Hakuigusa tena usiku ule. Tangu siku hiyo hubeba waya mrefu kuliko ninaouhitaji.

Kuna hitilafu nyingine isiyopiga kelele, ambayo huwafanya watu waonekane hawajui kufuata mapigo. Wengi siku hizi huchezesha wimbo kwenye simu au kompyuta mpakato, hupeleka picha kwenye runinga, na hupeleka sauti kwenye spika kwa Bluetooth. Sauti inayopita kwa njia hiyo huchelewa, mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya sekunde hadi robo sekunde au zaidi, hivyo maneno hubadilika rangi kwenye kioo kabla muziki haujafika. Mwimbaji anayefuata maneno huwahi, anayefuata muziki huonekana amechelewa, na wageni humcheka kwa kosa ambalo si lake. Tumia waya. Nyimbo zenyewe zipakueni na kuzijaribu siku mbili kabla, kwa sababu karaoke inayosimama katikati ya kiitikio kwa kuwa bando limekwisha haiamki tena kirahisi. Nyimbo zetu nyingi, hasa za zamani, hazina matoleo ya karaoke yenye maneno. Ukipata biti tupu, mpe mtu mwenye mwandiko mzuri aandike maneno kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa.

Sasa nije kwenye lile la "nenda wewe, nenda wewe". Watu husema Waswahili wa huku tuna haya. Siamini. Watu walewale waliokaa kimya kwa jirani yako ungewakuta Jumapili kwenye kwaya, au kwenye Maulidi, au kwenye ngoma ya harusi, wakiimba mpaka jasho linawatoka. Kinachowafunga mdomo ni muziki usiowafaa, na hapa naomba nikusimulie asili ya kitu chenyewe, kwa kuwa dawa imo ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Kobe nchini Japani, mpiga muziki Daisuke Inoue alikuwa akiwapigia ala wateja wa baa waliotaka kuimba. Mmoja wao, mfanyabiashara, alimwomba afuatane naye safarini ili ampigie mbele ya wenzake. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu, uliopigwa kwa namna ambayo koo la mteja yule lilizoea kuufuata. Mwaka 1971 alikuwa tayari ametengeneza mashine yake ya kutumbukiza sarafu. Wapo wanaompa sifa ya kwanza Shigeichi Negishi wa Tokyo, aliyeunda chombo chake mwaka 1967, nao wana hoja. Jina limetokana na maneno mawili ya huko, *kara*, yaani tupu, na kifupi cha neno okestra.

Mimi kinachonivutia ni ile kanda. Muziki wake ulishonwa kwa kipimo cha mwimbaji, kama fundi cherehani anavyomshonea mtu suruali. Leo tunafanya kinyume: tunachukua muziki uliopimwa kwa koo la msanii, mara nyingi kijana mwenye sauti ya juu kuliko kawaida, kisha tunamvalisha mhasibu wa miaka 45 na kushangaa inambana. Programu nyingi za karaoke, na hata baadhi ya miksa (vyombo vya kuchanganya sauti) za karaoke, zina sehemu ya kushusha au kupandisha kile ambacho wanakwaya hukiita ufunguo, na wapiga muziki hukiita kii, yaani ujuu au uchini wa wimbo mzima. Kila hatua moja ni nusu sauti, yaani kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, kiwe cheupe au cheusi. Kwa mwanaume wa kawaida anayeimba wimbo wa msanii mwenye sauti nyembamba, shusha hatua mbili hadi nne; mwanamke anayeimba wimbo wa mwanaume, au kinyume chake, huenda akahitaji hatua nne au tano, za kupanda au za kushuka. Usimpime kwa ubeti wa kwanza, kwa sababu ubeti huwa chini na humdanganya kila mtu. Mwambie aimbe kiitikio kwa sauti ndogo, palepale kwenye kiti chake, na umtazame shingo. Kidevu kikianza kupanda na mishipa ikijitokeza, shusha.

Kuna sababu nyingine ya woga ambayo ni ya kimaumbile. Mtu akizungumza, hujisikia kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe, na ile ya mifupani huongeza uzito wa sauti. Kwenye spika anasikia ile ya hewani peke yake, nyembamba na ngeni, naye anashtuka: "Ndiyo mimi huyu?" Ndiyo maana eko kidogo kwenye maiki, yaani mwangwi, husaidia, maana hulainisha kingo za sauti na kumpa mwimbaji kitu cha kuegemea. Kidogo, lakini. Ikizidi, maneno huvurugika na kila mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Kwa hiyo nyimbo tatu au nne za mwanzo zisiwe za mtu mmoja. Washa maiki mbili na uweke wimbo ambao kiitikio chake kila mtu anakijua. Kwa kundi kama lenu, wazee waliokulia enzi za Lake Tanganyika Jazz na Tabora Jazz hawatahitaji kuombwa mara mbili, na hapa Kigoma, ambapo ng'ambo ya ziwa ni Kongo, wimbo wa Kilingala huwainua hata wasioelewa neno moja. Tahadhari ni moja tu: nyimbo za zamani ni ndefu, nyingine hufika dakika saba au nane, na gitaa likishaingia mwimbaji hubaki amesimama bila kazi, maiki mkononi, akitazama viatu. Ama waambie watu wainuke wacheze, ama shusheni muziki taratibu na kumpigia makofi.

Kuhusu shemeji yako, tufanye hesabu. Wimbo mmoja ni kama dakika nne, na kupokezana maiki pamoja na kutafuta wimbo ni dakika moja. Wakitaka kuimba watu ishirini kati ya thelathini, mzunguko mmoja ni saa moja na dakika arobaini. Nyimbo sita za shemeji ni nusu saa, yaani aliwanyima watu watano zamu zao na kumwachia kila aliyebaki muda mrefu wa kuogopa. Kanuni ni kwamba mtu anaimba wimbo mmoja, kisha jina lake linakwenda mwisho wa foleni, na foleni iandikwe kwenye daftari na mtu mmoja ambaye si wewe wala mume wako; mpwa mwenye adabu na msimamo anafaa sana. Daftari lina faida kwamba halina undugu na mtu. Hata hivyo, zungumza na shemeji mapema, kwa faragha, kwa utani ambao shemeji mnaruhusiwa, na umpe kazi: awe mshika maiki ya pili, anayewasindikiza wageni wasiojiamini kwenye viitikio. Mara nyingi mtu wa namna hii hakutaka kuwanyima wenzake; aliona kimya, akakiziba kwa njia pekee aliyoijua.

Mashindano ndiyo ninayoyapinga kwa nguvu zaidi, ingawa naelewa nia njema ya mume wako. Ukitangaza zawadi, wale watano wanaojijua watachangamka na ishirini na tano watageuka hadhira, na hiyo ndiyo hali uliyotaka kuikwepa. Alama za mashine nazo zizime. Ile iliyo bora hupima kama sauti imefika ujuu au uchini wa noti kwa wakati wake, na zile za bure kwenye simu huweza kumpa alama nyingi mtu anayepiga kelele tu. Hakuna hata moja inayojua kwamba mama mkwe wako ameimba wimbo wa ujana wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kutunza ni jambo jingine, ni desturi yetu na sina ugomvi nayo, lakini katika karaoke ya nyumbani mwenye pesa akimtunza mmoja noti tano na mwingine akatoka mikono mitupu, mmeleta mashindano kwa mlango wa nyuma. Wekeni kikapu kimoja karibu na keki, kila atakayetunza atunzie humo, na kiwe cha mwenye sherehe.

Inoue, kwa taarifa yako, alipewa mwaka 2004 tuzo ya Ig Nobel, inayoziiga kwa utani Tuzo za Nobel, tena ya amani, kwa kuwapatia watu njia mpya ya kujifunza kuvumiliana. Waliomtuza walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wamekaa karaoke za kutosha.

Uvumilivu huo una adabu zake. Anayeimba asikatizwe, asichekwe anapokosea, na asinyang'anywe maiki hata kama amepotea kabisa. Ajitokeze mmoja amwimbie kiitikio kwa chini mpaka ajipate. Kuzungumza wakati wenzako wanaimba kunaruhusiwa, hii ni sherehe, lakini wimbo ukiisha makofi yapigwe na kila aliyepo, hata aliyekuwa na sahani mkononi. Aliyekataa kuimba aombwe mara moja tu. Kuna watu wazima walioacha kwenda kwenye sherehe kwa sababu ya kuvutwa mkono. Na asirekodiwe mtu bila ridhaa yake: mshereheshaji aseme mwanzoni kabisa kwamba video haziwekwi kwenye hali ya WhatsApp bila kumuuliza mwenye sura yake. Mtu akishajua kwamba wenzake wa kazini wataiona shingo yake iliyotoa mishipa Jumatatu asubuhi, hasimami.

Jambo moja linahitaji jicho la mwanamke wa Ujiji, nawe unalo. Nyimbo za taarabu hutumwa. Wimbo ambao kwa wengine ni burudani, kwa majirani wawili walionuniana tangu mwezi uliopita ni kijembe, na anayeuimba akimtazama mtu machoni anaweza kuugeuza uwanja wako kuwa baraza la kesi. Pitia orodha wewe mwenyewe kabla ya siku. Mafumbo makali yaondoe, na nyimbo zenye maneno ambayo mkwe hawezi kuyasikia mbele ya mkwewe ziondoe pia, bila maelezo marefu; ukiulizwa, sema hazikupatikana. Mama mkwe aulizwe faraghani anapenda nini. Asipotaka muziki wa dunia, muwekee kiti cha heshima mbali na spika na umwombe dua ya kumwombea mwanawe, jambo ambalo hakuna maiki inayoliharibu.

Saa pia zina adabu. Hapa kwetu jua huzama kuelekea saa moja jioni, hivyo ukianza saa kumi, runinga iliyo uani haitasomeka kwa mwanga. Iweke kwenye kivuli cha baraza au anzeni na chakula. Adhana ya Magharibi ikianza, muziki unyamaze wenyewe bila mtu kuja kugonga geti, na iwe hivyo pia kwa Isha. Wapelekee majirani taarifa siku tatu kabla, kwa miguu yako, ukiwatajia saa ya kumaliza. Saa nne usiku ni saa ya heshima, na sheria nayo haiko mbali: kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zinaweka kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana. Ukitaka kupima bila chombo, simama mbele ya mtu kwa umbali wa mkono mmoja. Ikiwa lazima upaze sauti akusikie, mmekaribia au mmepita desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo wataalamu wa usikivu huzihesabu kuwa salama kwa saa nane, na muda huo hupungua kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli tatu. Kwenye desibeli 100 ni robo saa tu. Watoto hupenda kukaa mbele ya spika; wahamisheni.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Maiki ikimpiga mtu shoti mdomoni, hata ndogo ya kuwasha tu, zima kila kitu kwenye swichi kuu na usiendelee mpaka fundi umeme mwenye leseni aje aangalie waya wa ardhi; usikubali ushauri wa kuvaa ndala. Mwite pia mapema kama soketi za uani hupata moto, au kama mnategemea jenereta. Mgeni akiamka na mlio masikioni usioondoka baada ya siku mbili, au sauti iliyokauka ikazidi wiki tatu, aende hospitali, na kwa sisi wa Kigoma Maweni ndiyo ya rufaa. Na kama siku moja utataka kutoza kiingilio, hiyo si sherehe ya nyumbani tena. Mwone kwanza afisa utamaduni wa manispaa akueleze vibali na haki za wenye nyimbo.

Nimeacha swali lako la mwisho makusudi. Mwenyeji akifungua kwa sauti nzuri, huwatisha wageni. Akifungua kwa sauti mbaya huku anaona aibu, huwaambukiza aibu hiyo. Wewe ingia kwenye wimbo wa tatu au wa nne, katikati ya wanawake wawili unaowaamini, kwenye kiitikio, ufunguo ukiwa umeshushwa. Ukikosea, cheka na uendelee mpaka mwisho wa wimbo, kwa kuwa wageni watakuwa wanatazama kama mwenye nyumba hii hukatiza. Na ifikapo saa nne kasoro robo, mpwa alifunge daftari na atangaze wimbo wa mwisho wa watu wote, maiki zikiwa mezani, ili asiwepo hata mmoja atakayesema zamu yake ilikatwa.